Ngoma Ilipomsubiri Dan-bi

Seomok, Jindo
9 Machi 2022

Mjukuu wangu Dan-bi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Sisi hapa ni wazima. Mguu wa kushoto wa bibi yako humuuma mvua inapokaribia, na mvua imekuwa ikikaribia tangu mwezi uliopita. Vitunguu majani vya shamba la chini tumevitoa. Vya shamba la juu tumeviacha ardhini, kwa sababu bei ya mwaka huu ni tusi kwa mkulima. Baba yako alipiga simu kutoka Ulsan. Anasema kule kwenye karakana ya meli wenzake wote walikupigia kura. Mbwa amezaa.

Nimepiga simu yako mara kadhaa. Kila mara alipokea mwanamume aliyejitambulisha kuwa Meneja Bae wa kampuni ya Saebyeok. Alieleza kwamba waimbaji wapya hawakai na simu mpaka waizoee kazi. Nilimwuliza ni kazi gani hiyo inayozoeleka kwa kutozungumza na wazee wako. Akanishauri niandike barua. Basi naandika, wala sina kinyongo. Simu ni ya kuulizana mtu yuko wapi. Jambo la maana huandikwa.

Umekuwa wa tano katika mashindano ya Sauti ya Jumatano, mbele ya taifa zima. Si haba. Mwenyekiti wa kijiji, Cheon, ametundika bango penye njia panda ya kuingilia kwetu, kitambaa cheupe chenye maandishi mekundu: PYO DAN-BI, BINTI WA SEOMOK, WA TANO KATIKA TAIFA. Nilimwambia kwamba nafasi ya tano haitundikiwi bango. Akanijibu, "Mwalimu, wa mwisho kutundikiwa bango kijijini hapa alikuwa mbwa wangu. Tuache tufurahi." Hilo ni kweli. Mbwa wake alishinda maonyesho ya wilaya.

Nina mambo mawili. La kwanza: kwenye televisheni wanakuita Danbi, basi. Ukoo wa Pyo umekwenda wapi? Jina si mkia wa samaki, ukatwe kabla ya kupelekwa mezani.

La pili ni ahadi yako. Siku uliyoondoka ulipiga magoti mbele ya ngoma yangu, ukasema kwamba ukipata jukwaa lako mwenyewe utaimba kwetu, kwa sauti yako, na mimi nitakupigia. Sikukuomba ahadi hiyo. Ulijitolea. Nimekupigia ngoma tangu ulipokuwa na miaka sita, na unajua wazee wetu walivyosema: katika uimbaji wa hadithi mpiga ngoma ni wa kwanza, mwimbaji ni wa pili. Ni mimi niliyekupimia pumzi. Nangoja siku.

Babu yako,
Pyo Man-sik


Mapo, Seoul
2 Aprili 2022

Babu na Bibi, shikamooni.

Mimi sijambo. Nakula vizuri, ingawa kimchi ya hapa, hiyo kabichi yao ya pilipili, imetengenezwa na mtu asiyewahi kukasirika maishani mwake, haina ladha. Naishi na Ha-rin, yule aliyekuwa wa nne. Ni mwema, ila anaimba hata akipiga mswaki. Baba akipiga tena mwambieni soksi zimefika. Na mniwekee mtoto mmoja wa mbwa, mwenye masikio yaliyosimama.

Babu, jina si mimi niliyelikata. Meneja Bae anasema jina la ukoo linamzeesha msichana. Nilimwambia babu yangu atakasirika. Akauliza, "Babu yako ana wafuasi wangapi?" Nikasema anaye mmoja, na huyo naye siku nyingine humgomea. Mwambie Bibi asicheke sana, mguu utamuuma.

Kazi yenyewe ni hivi. Sisi watano tuliofika fainali tuliahidiwa kila mmoja wimbo wake, uliotungwa kwa ajili yake. Huo ndio ninaoungoja. Bila wimbo wako mwenyewe wewe si mwimbaji, ni redio: unapiga nyimbo za wenzako. Kila nikiuliza naambiwa mtunzi bado anatafuta mawazo. Wakati huo tunazungushwa kwa gari, tunaimba troti za watu, zile nyimbo za dansi wanazozipenda wazee, kwenye ufunguzi wa maduka na sherehe za vitunguu saumu. Juzi niliimba mbele ya duka la matairi. Mwenye duka alilia. Sijui ni wimbo au ni mauzo.

Mwalimu wa sauti wa kampuni hataki niimbe kutoka tumboni kama ulivyonifunza. Anasema sauti ya tumboni inawatisha watazamaji, niipandishe, niitoe puani, niitie asali. Najitahidi. Nina mafua kidogo tangu wiki iliyopita. Ni vumbi la majukwaani.

Ahadi naikumbuka. Nipate kwanza jukwaa.

Mjukuu wako,
Dan-bi (Pyo)


Seomok
11 Mei 2022

Mjukuu wangu,

Barua yako ilifika. Nakurudishia pamoja na hii, ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Aya ya tatu haina mpangilio, na neno "wimbo" umelitumia mpaka limechoka. Hata hivyo mwandiko ni mzuri.

Sisi ni wazima. Watoto wa mbwa ni wanne. Mwenye masikio yaliyosimama tumemtenga kwa ajili yako. Ameanza kwa kula kiatu changu. Bibi yako amechemsha mapeari na mizizi ya doraji kwa ajili ya koo lako. Pakiti zimo ndani ya sanduku, chini ya mwani. Kunywa asubuhi, ya uvuguvugu. Mafua ya mwezi mzima si mafua. Hayo ni maneno ya bibi yako, amesimama hapa nyuma yangu, hataondoka mpaka niyaandike.

Tulikutazama kwenye televisheni Jumapili. Nguo fupi sikuipenda, lakini nguo si somo langu. Nilichokiona ni mabega. Uliimba mstari mrefu kabisa na mabega hayakushuka hata kidogo. Mtu anayeimba huvuta pumzi, na mabega husema kweli. Wamekufundisha kusimama kama mshumaa. Ni madoido ya mjini, yatakutoka ukirudi.

Na utarudi. Mwenyekiti Cheon ametangaza jana kwenye kipaza sauti cha kijiji, alfajiri, wakati watu wenye akili bado wamelala, kwamba wilaya imekualika kwenye sherehe ya mwezi wa Oktoba na kampuni yako imekubali. Utaimba troti mbili na ule wimbo wa kupanda mpunga, usio na vinanda, uliokufikisha fainali. Nimeuliza mara mbili, ni kweli.

Wimbo huo nilikufundisha mimi. Kwenye mashindano uliuimba bila ngoma kwa kuwa walikataa. Hapa kwetu hakuna wa kukataa. Nimeanza kuikaza ngozi.

Babu yako


Seoul
28 Julai 2022

Babu, Bibi, shikamooni.

Nisameheni kwa kuchelewa. Mmekuwaje na joto hili? Nimesikia dhoruba ilipita Jindo. Natumaini paa la banda limesalimika. Asanteni kwa mapeari. Nimekunywa yote, na Ha-rin amekunywa ambayo sikumpa. Siku yangu ya kuzaliwa nilikula supu ya mwani ya dukani, ya pakiti. Najua Bibi alipika ya kwangu akaiweka mezani, maana najua anavyofanya.

Habari ya wimbo. Mtunzi amepata mawazo. Amempa Ha-rin. Naambiwa wangu utafuata. Ha-rin aliniomba radhi, nikamwambia hana kosa, kisha tukala tambi. Ni wimbo mzuri. Uko chini, kwenye sauti ya kifuani. Ni pale pale ninapopenda kuimba, Babu.

Kuhusu Oktoba. Naomba usilete ngoma. Ratiba yote hupangwa na kampuni na mtu wa mitambo, na wao hawapendi mabadiliko. Njooni mketi mbele, Bibi avae ile nguo ya kijani, nitafurahi kuwaona. Lakini ngoma ibaki nyumbani. Usiniulize kwa nini, tafadhali. Mara nyingine nitaeleza.

Nina usingizi. Tumeimba mikoa miwili leo.

Dan-bi


Seomok
5 Agosti 2022

Dan-bi,

Paa limesalimika. Bango halikusalimika. Dhoruba ililing'oa likaenda kunasa kwenye wavu wa mwani. Bibi yako amelifua, na sasa anaanikia pilipili juu yake uani. Mwenyekiti Cheon alikuja, akaona jina lako limejaa pilipili, akaondoka bila kunywa chai.

Umeniandikia niache ngoma nyumbani, na unanikataza kuuliza sababu. Nimefundisha watoto wa wilaya hii kwa miaka mingi, na nimesikia kila aina ya udhuru. Huu wa kwako nimeusikia pia. Ni udhuru wa mtoto anayemwona mama yake sokoni akiwa na kikapu cha samaki kichwani, naye yuko na marafiki, akageuza uso.

Kama unaionea haya ngoma, andika hivyo. Neno "ratiba" halikufichi.

Babu yako

Bibi yako anataka niongeze kwamba supu ya mwani alipika kweli, na kwamba mimi ni mzee mkaidi. La kwanza nathibitisha.


Seomok
27 Septemba 2022

Dan-bi,

Hujajibu. Pilipili zimekauka. Mpunga uko tayari.

Sherehe ni Jumamosi ya katikati ya mwezi ujao. Nitaleta ngoma. Ahadi ilitolewa kwa hiari yako, mbele ya bibi yako na mbele ya ngoma yenyewe. Anayetaka kuivunja aje aivunje ana kwa ana.

Babu yako


Seomok
17 Oktoba 2022

Mjukuu wangu,

Je, ulifika salama Seoul? Gari lenu liliondoka kabla sijashuka jukwaani. Bibi yako alikuwa amekufungia wali kwenye mwani, wa kula njiani. Tuliula wenyewe.

Naandika jambo hili kama nilivyoliona, kwa sababu nililiona kwa karibu kuliko wote, na watu wengi sasa wanalisimulia.

Uliimba troti mbili, wazee wakacheza. Kisha vinanda vikanyamaza, ukabaki peke yako kwa ule wimbo wa kupanda mpunga. Mtangazaji wa sherehe niliwahi kumfundisha. Nilipomwonyesha ngoma alininyooshea mkono nipande, hakuthubutu kunikatalia. Ulinitazama. Nilidhani ni macho ya mtu aliyeshtuka kwa furaha.

Niliketi, nikapiga. Sauti yako ilikuwa safi, safi kuliko nilivyoisikia mwaka mzima. Nikapaza, "Ewaa!" na uwanja wote ukaitikia. Tukafika mwisho wa mstari wa nne, pale unapovuta pumzi ndefu, pale ambapo tangu utotoni mwako mimi huizuia fimbo hewani mpaka mabega yako yashuke. Nikaizuia. Nawe ulipoiona fimbo imesimama ukafunga mdomo, ukaingoja, kama nilivyokufundisha. Tukawa tunangojana mimi na wewe mbele ya wilaya nzima.

Wimbo ukaendelea.

Uliendelea wenyewe, kwa sauti yako, mstari wa tano na wa sita, nawe umefunga mdomo. Kisha mtu wa mitambo akauzima. Mtoto mmoja mbele akacheka. Mwenyekiti Cheon alitangaza kwa nguvu kwamba ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Nilikuwa sijui kwamba jambo kama hilo hufanyika. Sasa nimeelezwa, vijana wanaliita pleibeki: sauti iliyorekodiwa hupigwa, mwimbaji akachezesha mdomo tu. Sauti ile ilikuwa ya mwezi wa Februari, ya usiku wa fainali.

Nina swali moja, nataka jibu la maandishi. Sauti yako ya Oktoba iko wapi?

Babu yako


Seoul
21 Novemba 2022

Babu,

Shikamoo. Mwambie Bibi shikamoo. Sina habari nyingine za kutanguliza, kwa hiyo naingia moja kwa moja, na ukitaka kalamu nyekundu, ichukue.

Nilikuambia usilete ngoma.

Nilikuandikia, nikakusihi. Ungeketi mbele na Bibi kama watu wengine, ungepiga makofi, ningeinama, ningeondoka. Watu wangekwenda nyumbani na furaha yao. Badala yake video ile imetazamwa na watu wengi kuliko walionitazama kwenye fainali. Wananiita kinywa cha samaki. Kuna wanafunzi wanaigiza: mmoja anapiga meza, mwingine anafunga mdomo.

Umeuliza sauti yangu iko wapi. Haipo. Haikuwa mafua. Ilianza kukwaruza tangu Machi, kwa kule kuisukuma puani, na kampuni ikasema itapita. Kufikia mwisho wa Aprili nilikuwa naamka sina sauti mpaka mchana. Hapo ndipo waliponiwekea pleibeki, wakasema ni ya muda, mpaka nipone, na ratiba ikawa haina siku ya kupona. Uliniona kwenye televisheni mabega hayashuki. Babu, nilikuwa siimbi. Uliona, kisha ukajiambia ni madoido ya mjini.

Utasema ningekuambia. Ningekuambiaje? Nilipokuwa na miaka kumi nilipiga kelele kwenye mashindano ya mpira, nikaja mazoezini sauti imekauka. Ulifunika ngoma yako ukasema, "Sauti haiibiwi. Anayeikosa ameitupa mwenyewe." Hukunipigia kwa mwezi mzima. Neno hilo sijalisahau. Kila nilipotaka kuandika, lilikaa juu ya kalamu.

Na siku ile jukwaani ningeweza kuendelea kufungua mdomo tu. Nilijua wimbo unaenda. Mtu yeyote mwingine angeendelea, na hakuna ambaye angejua. Lakini fimbo yako ilisimama, na mimi siwezi. Mwili wangu haujui kuimba fimbo ikiwa imesimama. Umenifunza vizuri mno.

Baada ya hapo Meneja Bae alinipa karatasi. Huku mwimbaji akiharibu, huandika barua ya kuomba radhi kwa mkono wake, ikapigwa picha, ikasambazwa. Maneno yalikuwa tayari, kazi yangu ilikuwa kunakili. Nilinakili vizuri, kwa mwandiko ulionifunza wewe: nasikitika, nawaomba radhi mashabiki wangu. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba mzee mmoja asiyehusika nami alipanda jukwaani bila ruhusa akavuruga mitambo.

Niliweka kalamu chini. Meneja Bae alisema, "Andika, Danbi. Ni mstari mmoja tu. Yeye hata simu ya kisasa hana, hataona." Nikamwambia siandiki. Akauliza kama ninajua wimbo wangu ulikuwa tayari, unangoja kurekodiwa. Nilikuwa sijui. Ndivyo nilivyojua kwamba upo, na kwamba haupo tena.

Usidhani nimefanya hivyo kwa kuwa sijakukasirikia. Nimekukasirikia sana.

Daktari amesema kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti. Haruhusu niongee, hata kunong'ona. Naandikia watu kwenye vipande vya karatasi kama bubu.

Dan-bi


Seomok
30 Novemba 2022

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma. Sikutumia kalamu nyekundu.

Bibi yako naye aliisoma, kisha akatoka kwenda kukata kabichi ambazo hazikuhitaji kukatwa siku hiyo. Aliporudi aliniuliza kama ni kweli nilisema maneno yale ya sauti na mwizi. Nilimjibu kwamba nilikuwa nafundisha. Akasema, "Ulifundisha. Na yeye alijifunza." Hajazungumza nami tena isipokuwa kwa habari ya chumvi.

Kuhusu ile karatasi: ungeandika tu. Mimi ni mzee, na mstari mmoja wa wino hauwezi kunitoa kwenye ukoo. Ungeandika, wimbo wako ungekuwa wako. Nakueleza hili ili usije ukafikiri kwamba nilihitaji utetezi.

Hata hivyo umekataa, na sasa sijui niiweke wapi karatasi hiyo isiyoandikwa. Kila ninakoketi naiona.

Jumamosi ijayo tunatia kimchi ya majira ya baridi. Wanawake wa kijiji wote watakuwa uani kwetu. Mwenyekiti Cheon ameapa kwamba hakuna atakayetaja Oktoba, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye mdomo mkubwa, kiapo hicho kinatosha. Njoo. Kutia chumvi kwenye kabichi hakuhitaji sauti. Mbwa wako amekuwa mkubwa na hana adabu.

Babu yako


Seoul
19 Januari 2023

Babu, Bibi, shikamooni, na heri ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Chukulieni kwamba nimepiga magoti na kuinama mbele yenu. Nitainama kweli nikifika.

Kimchi iligawanywa mlango wa kwanza hadi wa mwisho wa ghorofa yetu. Ha-rin alilia kwa pilipili, akaomba tena. Baba amenitumia soksi nyingine. Nadhani anafikiri Seoul hakuna soksi.

Mpaka leo sijasema neno juu ya ile siku baada ya kabichi, kwa kuwa wakati ule sikuwa na ruhusa ya kusema. Wanawake walipokwisha kwenda na Bibi akawa anaosha mabeseni, ulileta ngoma ukumbini ukaketi. Ukaanza kupiga wimbo wa kupanda mpunga, taratibu. Nilitaka kuondoka, Babu. Nilikuwa nimefika mlangoni. Kisha fimbo ikasimama mwisho wa mstari wa nne, na mabega yangu yakashuka yenyewe.

Tuliupiga wote hivyo, wewe na ngoma, mimi na pumzi. Ulikuwa umefumba macho lakini hukukosea mahali hata pamoja. Mwishoni ulisema "Ewaa" kwa sauti ndogo kama ya mtu anayejisahau, ukainuka kwenda kumfokea mbwa.

Tangu hapo nafanya hivyo kila asubuhi. Napiga meza kwa kijiko, navuta pumzi.

Sasa habari zenyewe. Daktari ameniruhusu kuimba kidogo. Sauti imerudi ikiwa si ile. Imeshuka chini, ina changarawe, na nyimbo za asali siziwezi tena. Meneja Bae aliisikia akasema, "Hii ni sauti ya muuza samaki." Mkataba haujavunjwa, maana kuuvunja ni gharama, wameniweka tu kando, kama kiti kibovu ambacho hakuna anayetaka kukitupa. Wimbo wangu ameuimba mwingine. Nimeusikia dukani nikinunua mayai.

Lakini kuna soko la samaki huko Mokpo linafunguliwa upya baada ya matengenezo, Februari nne, Jumamosi asubuhi. Waliomba mwimbaji yeyote wa bei nafuu. Kampuni imenituma mimi. Hakuna jukwaa, kuna makreti ya samaki yamepangwa. Hakuna vinanda, wala mtu wa mitambo, kwa hiyo hakuna pleibeki. Ni mimi na kipaza sauti cha mnadani.

Si jukwaa nililokuahidi, wala si kwetu. Watu watakuwa wananunua pweza. Sijui kama sauti itafika mwisho wa wimbo, na sitaki kukudanganya tena: huenda isifike.

Lete ngoma, Babu. Nikiishiwa pumzi, nisubiri.

Mjukuu wako,
Pyo Dan-bi


Seomok
27 Januari 2023

Mjukuu wangu Dan-bi,

Sisi ni wazima. Theluji imefunika vitunguu vya shamba la juu, lakini bei imepanda, kwa hiyo tunachimba.

Barua yako ilifika jana. Niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Ina makosa mawili. Nimeyaacha.

Basi la kwanza kutoka Jindo linafika Mokpo soko likiwa linafunguliwa. Ngozi ya ngoma nimeikaza jana na leo tena, kwa sababu baridi huilegeza. Umesema huenda sauti isifike mwisho. Isipofika, wimbo utaishia pale ilipofika, nami nitaizuia fimbo hapo, na wauza pweza watangoja pamoja nasi.

Mwenyekiti Cheon anataka kuja na bango jipya. Nimemkataza. Tena hakuna haja. Bibi yako amekata lile la zamani, la pilipili, akalishona likawa mfuko wa kufunikia ngoma mvua isiinyeshee. Halikutosha lote, maandishi mengi yameingia ndani ya pindo, na nje limebaki neno moja tu, jekundu, mbele kabisa, ambalo mtu yeyote sokoni ataliona: PYO.

Nilimwuliza kama alifanya makusudi. Anasema ni mkasi tu, ulipita hapo.

Babu yako